Afya Yetu: Tunaponunua Kibodi Mpya

Siku hizi kompyuta hutumika kuandika majina ya wagonjwa na vipimo vya dawa. Kwa hiyo kibodi mbovu yaweza kudhuru mtu: kitufe cha sifuri kikinasa, 10 huwa 100.

Basi tukienda dukani Nachingwea au Ruangwa tusitazame bei tu. Kwanza, tuijaribu kwenye kompyuta kabla ya kulipa. Tubonyeze kila kitufe, hasa namba, na ile alama ya juu tunayoandikia ng'ombe.

Pili, tutazame mpangilio wa herufi. Safu ya juu ianze na Q, W, E, R, T, Y. Kibodi za Ujerumani zina Z mahali pa Y. Zainabu akiandikwa Yainabu, jalada lake halitaonekana upesi, naye amekuja na homa kali.

Tatu, vitufe viwe laini. Miguu ya nyuma tuiache imekunjwa, ili vifundo vya mikono vikae sawa visiume.

Nne, iwe rahisi kupanguswa, maana hushikwa na wengi na vumbi la kiangazi huingia. Tuzime kompyuta, tuchomoe kibodi, tuipanguse kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Hata hivyo, kabla ya kumgusa mgonjwa sharti tunawe mikono.

Tukumbuke, fedha ya parokia ni jasho la wakulima wa korosho na ufuta. Tununue kitakachowahudumia vema.