Kwa Nini Fonti Huichosha Prosesa

Programu ya kutafuta mafaili ndani ya kompyuta haipekui diski nzima kila mtu anapoandika neno. Huwa imeshayasoma mafaili mapema na kutunga faharasa, yaani orodha ya maneno ambayo kando ya kila neno pameandikwa mafaili yaliyo nalo. Ndiyo maana majibu hutokea papo hapo. Spotlight ya Apple, iliyotoka pamoja na Mac OS X 10.4 mwezi Aprili 2005, hufanya kazi hivyo, na Windows Search pia. Usomaji huo wa mapema ndio unaokula nguvu za prosesa, na fonti ni kati ya mafaili yanayoweza kuigharimu zaidi kuliko mtu anavyotarajia.

Kila aina ya faili huwa na kisomaji chake. Kwenye barua hukusanywa maneno, kwenye wimbo jina la mwimbaji, kwenye picha tarehe ilipopigwa. Kwenye fonti kinachotafutwa ni kidogo sana: jina, familia, mtindo na mwenye hakimiliki. Faili la TrueType limepangwa vizuri kwa kazi hiyo. Huanza na baiti 12 za utangulizi, kisha hufuata orodha ya majedwali yaliyomo, kila jedwali likielezwa kwa baiti 16: alama yake, namba ya uhakiki, mahali lilipo na urefu wake. Kisomaji makini hupitia orodha hiyo, kikaruka hadi kwenye jedwali la majina, kikachukua kinachohitajika na kufunga faili. Hata fonti ikiwa na megabaiti 20, kazi hiyo huisha kufumba na kufumbua.

Gharama hupanda pale kisomaji kinapolikabidhi faili zima kwa injini ya fonti, ileile inayochora herufi kwenye skrini. Injini hiyo ina sababu zake za kuchunguza kila kitu. Ikitaka kuthibitisha namba ya uhakiki ya jedwali, lazima ijumlishe data yote ya jedwali hilo, na kwa majedwali yote maana yake ni kusoma faili mwanzo hadi mwisho. Noto Sans CJK, iliyotolewa na Google na Adobe mwaka 2014 kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea, ina maumbo 65,535 ya herufi, ambacho ndicho kikomo cha fonti moja. Kuyapitia yote ili kupata jina tu ni sawa na kusoma kitabu kizima kwa kutafuta kilichoandikwa kwenye jalada. Fonti za WOFF, zinazotumika kwenye tovuti, huongeza kazi nyingine, kwa kuwa zimebanwa na lazima zifunguliwe kwanza.

Hali huwa mbaya zaidi fonti inapodhaniwa kuwa maandishi ya kawaida. Fonti za BDF, za zamani lakini bado zipo kwenye Linux, ni maandishi kweli: kila herufi huelezwa kwa mistari ya tarakimu kama 18, 24, 42, 7E, kila mstari ukiwa safu moja ya nukta za herufi. Kisomaji kisichojua hilo huchukua kila mstari kama neno. GNU Unifont ina maumbo zaidi ya 50,000, kila moja likiwa na safu 16, kwa hiyo faili moja tu hukisomesha mistari zaidi ya 800,000 ambayo hakuna binadamu atakayeitafuta. Faharasa huvimba, na kila upangaji wake upya huwa mzito.

Kuna pia fonti mbovu. Mwaka 2011 programu hasidi ya Duqu ilipenya kwenye Windows kupitia dosari katika usomaji wa TrueType, na hatari za aina hiyo ni sababu nzuri ya visomaji kuendeshwa kando, vikiwa na ruhusa chache. Lakini kisomaji kikianguka juu ya faili lililoharibika, programu inayokisimamia hukiwasha tena. Isipoweka kumbukumbu ya faili lililokiangusha, hukirudisha palepale. Prosesa itashinda kazini na feni ikivuma, ilhali faharasa haisogei hata hatua moja.

Mkosaji hupatikana kwa kutazama kisomaji kimefungua nini. Kwenye Mac, Activity Monitor huonyesha mafaili yaliyofunguliwa na mchakato uitwao mdworker. Fonti ileile ikijitokeza kila mara, iondolewe au ibadilishwe kwa nakala nzima. Mwenye fonti maelfu, kama wasanifu wa magazeti na watumiaji wa programu ya TeX ya kupanga kurasa, anaweza kulitoa folda lote la fonti kwenye faharasa kupitia mipangilio ya utafutaji. Herufi hazitapotea kwenye programu za uandishi, kwa sababu programu hizo huuliza orodha ya fonti kwa mfumo wenyewe wa fonti, si kwa faharasa.