Jahazi Hutibiwa Mchangani

Kuanzia Matondoni kule Lamu hadi Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mara kwa mara utalikuta jahazi limeegama mchangani, mkuku nje, na mafundi wamechuchumaa chini ya tumbo lake. Mpita njia hudhani linapakwa rangi tu, kumbe rangi ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Kazi kubwa ni uchunguzi, na mwenye chombo anayeuahirisha kwa sababu chombo "bado kizima" anajidanganya. Mharibifu mkubwa wa mbao baharini ni mdudu wa jamii ya chaza na kome, ingawa umbo lake ni la mnyoo. Huingia akiwa mchanga kabisa kwa kitundu ambacho jicho hukikosa, kisha hukua humo humo huku akiutafuna ubao. Mkwaruzo mmoja uliobandua deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa inayopakwa kulinda mbao, humtosha kuwa mlango, na ubao unaweza kuliwa ndani huku nje unang'aa.

Bahari yenyewe hutoa nafasi ya kumkabili. Maji ya bamvua huja takriban kila wiki mbili, na kwenye pwani yetu hupanda na kushuka mita 3 hadi 4. Jahazi huingizwa maji yakijaa, na yakitoka hubaki mchangani bila kreni wala chelezo. Hapo mafundi hukwangua mwani na makombe, hupitisha moto wa makuti makavu chini ya mbao, kisha hugonga ubao kwa ubao wakisikiliza mlio. Ubao mzima huitika kwa mlio mkavu, uliooza hutoa mlio mzito wa kufifia. Palipofunguka hutiwa kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa katikati ya mbao kwa patasi na nyundo. Mwisho hupakwa deheni, na sehemu za juu hupakwa sifa, mafuta ya papa.

Wapo wanaosema siku za mchangani ni hasara, kwa kuwa chombo hakibebi mzigo. Ni kweli mapato husimama, lakini tumbo lililojaa makombe hupunguza mwendo na kuongeza mafuta ya injini kila safari, na ubao uliooza hubadilishwa kwa gharama isiyolinganishwa na ile ya deheni. Wengine husema rangi za kiwandani zimeyamaliza mambo hayo. Zina faida, maana hudumu kuliko deheni, ambayo huhitaji kurudiwa kila baada ya miezi michache. Hata hivyo, rangi ikipakwa juu ya ubao wenye unyevu hubanduka, na ikipakwa juu ya ubao mbovu huuficha ubovu. Baadhi zimedhuru pia viumbe wa baharini: rangi zenye sumu ya bati zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa wa 2001, ulioanza kutumika 2008. Anayezitumia rangi za leo azitumie baada ya ukaguzi, na makwanguo yake ayazoe yasirudi majini.

Deheni au rangi ya kiwandani, uamuzi ni wa mwenye chombo. Ukaguzi hauna mbadala, kwa sababu roho za mabaharia na abiria zimebebwa na mbao zisizoonekana. Mwenye jahazi, usingoje livuje: bamvua lijalo lipandishe mchangani, umwite fundi aligonge.