Macho na masikio ya ndege: Kwa nini ununuzi wa mitambo ya anga unamhusu mkazi wa Maswa

Mkazi wa Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, anayetaka kusafiri kwa ndege kwenda Dar es Salaam mara nyingi huanzia Uwanja wa Ndege wa Mwanza. Wakazi wengine wengi hawajawahi kupanda ndege. Hata hivyo, wote ni walipakodi, na ndege za Serikali pamoja na mitambo ya kuongozea ndege hununuliwa kwa fedha ya umma. Makala haya yanaeleza mitambo hiyo ni ipi, nani huiuza na mambo gani mwananchi anapaswa kuyafuatilia inaponunuliwa.

Mitambo hiyo hufanya nini?

Katika chumba cha rubani kuna skrini zinazoonesha kasi, mwinuko na mwelekeo wa ndege, kompyuta ya kupanga safari, redio za mawasiliano na mfumo wa kuonya ndege inapokaribia ardhi kwa hatari. Puani mwa ndege hufungwa rada ndogo inayotambua mawingu ya mvua na radi. Aidha, kuna kifaa kiitwacho transponda. Rada iliyo ardhini hutuma swali kwa masafa ya megahezi 1030, nayo transponda hujibu kwa megahezi 1090, ikitaja namba ya utambulisho na mwinuko wa ndege.

Kwa utaratibu huo, ndege inayopita juu ya mashamba ya pamba ya Maswa inaweza kuonekana kwenye skrini ya mwongozaji ndege. Pasipo rada, mwongozaji hulazimika kutegemea taarifa anazopewa na rubani kwa redio, na ndege huachiwa nafasi kubwa zaidi baina yake na nyingine ili kuepusha ajali.

Soko lenye wauzaji wachache

Mitambo ya aina hii hutengenezwa na kampuni chache duniani. Mwezi Desemba 2018 Tanzania ilipokea ndege yake ya kwanza aina ya Airbus A220-300 na kuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuitumia. Skrini za chumba cha rubani cha ndege hiyo hutengenezwa na Collins Aerospace ya Marekani. Kampuni hiyo hiyo ndiyo inayotengeneza skrini za Boeing 787-8, ambayo ya kwanza iliwasili nchini Julai 2018. Skrini za ndege za Bombardier Q400 hutoka Thales ya Ufaransa. Kwa ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, zinazobeba watalii kwenda mbugani, mitambo ya Garmin ndiyo iliyozoeleka katika ndege mpya.

Sababu ya uchache huo ni masharti ya usalama. Kila kifaa, pamoja na programu iliyomo, lazima kipimwe na kuidhinishwa na mamlaka za usafiri wa anga kabla ya kutumika, na kazi hiyo huchukua miaka na kugharimu fedha nyingi. Matokeo yake ni kwamba anayenunua ndege hana uhuru mkubwa wa kuchagua mitambo iliyomo. Akishanunua, huendelea kuhitaji vipuri, marekebisho ya programu na mafunzo kwa muda wote ndege inapotumika.

Funzo la usalama

Ajali mbili za Boeing 737 MAX zilionesha uzito wa jambo hilo. Oktoba 29, 2018 ndege ya Lion Air ilianguka nchini Indonesia, na Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka nchini Ethiopia. Jumla ya watu 346 walipoteza maisha. Programu iliyokuwa ikishusha pua ya ndege ilitegemea kitambuzi kimoja tu, na kilipotoa taarifa yenye makosa marubani walishindwa kuidhibiti ndege.

Ndege za aina hiyo zilirejeshwa angani baada ya programu kubadilishwa ili ilinganishe vitambuzi viwili, na baada ya marubani kutakiwa kupata mafunzo mapya. Tanzania ilipokea Boeing 737-9 yake ya kwanza Oktoba 2023, baada ya marekebisho hayo. Funzo lililobaki ni kwamba mtambo bila mafunzo ya anayeutumia ni ununuzi nusu.

Funzo la bei

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilinunua rada moja kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Ununuzi huo ulizua mjadala mkubwa ndani na nje ya nchi. Desemba 2010 mahakama nchini Uingereza iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000 baada ya kukiri kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu. Kampuni ilikubali pia kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5. Fedha hizo, ambazo wananchi walizipa jina la "chenji ya rada", zilitumika kununua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Mwaka 2017 Serikali, kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), iliingia mkataba na Thales wa kununua rada nne kwa Shilingi bilioni 67.3, kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Kwa viwango vya kubadilishia fedha vya wakati huo, kiasi hicho hakikufikia pauni milioni 28. Mikataba hiyo miwili haifanani kwa kila kipengele, kwani rada ya awali ililengwa pia kwa matumizi ya kijeshi na teknolojia ilikuwa imebadilika. Hata hivyo, tofauti ya rada moja na rada nne inaonesha kwa nini bei ihojiwe kabla ya mkataba kutiwa saini.

Mambo ya kufuatilia

Mwananchi anaposikia tangazo la ununuzi wa ndege au mtambo wa anga, yapo maswali manne ya msingi. Je, wauzaji walishindanishwa? Je, bei iliyotajwa inajumuisha vipuri na matengenezo? Je, wataalamu wa Kitanzania watafundishwa kuuhudumia mtambo? Je, utatumika kwa miaka mingapi? Majibu yanaweza kufuatiliwa katika taarifa za taasisi husika na katika ripoti za kila mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Swali la tatu linawagusa moja kwa moja vijana. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) hufundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, na chuo cha usafiri wa anga kilicho chini ya TCAA huandaa waongozaji ndege. Mwanafunzi wa Maswa anayefanya vizuri katika Fizikia na Hisabati anaweza kuwa miongoni mwa wataalamu hao. Kila mtaalamu anayepatikana nchini huipunguzia Tanzania ulazima wa kumwita fundi kutoka ng'ambo kila mtambo unapoharibika.