Miche ya mwisho wa msimu Dodoma: Angalia mizizi kabla ya bei

Ikifika Mei, mvua za msimu zikiwa zimekwisha Dodoma, wauza miche wa kandokando ya barabara hubaki na mzigo usiotakiwa na wateja. Miembe iliyopukutisha majani, mipera iliyorefuka na kupinda, na milimao yenye majani ya njano husogezwa nyuma ya kitalu ili ipishe maua yanayouzika. Anayeiulizia hupunguziwa bei, na mara nyingine huongezewa mmoja bure.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, familia nyingi zimejenga Nzuguni, Iyumbu, Kisasa na kwingineko, kwenye viwanja visivyo na hata mti mmoja wa kivuli. Kwa familia kama hizo, miche hii ni nafasi ya kupata mti wa matunda kwa fedha kidogo. Inaweza pia kuwa njia ya kununua kuni. Kinachotofautisha ni mambo mawili: kujua mche upi bado una uhai, na kujua pa kuuweka hadi mvua zirudi.

Tunda moja kwenye sahani ya mtoto

Chakula cha nyumba nyingi za Kanda ya Kati ni ugali wa mahindi, uwele au mtama, pamoja na mlenda, mboga za majani au maharage. Ni chakula kizuri, ila matunda mara nyingi hukosekana, hasa wakati wa kiangazi bei inapopanda sokoni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale angalau gramu 250 za matunda na mbogamboga kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Embe bivu humpa mtoto vitamini A inayolinda macho na kinga ya mwili. Pera lina vitamini C nyingi, takribani mara nne ya chungwa la uzito uleule, na vitamini hiyo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Ndiyo maana pera linaloliwa pamoja na mlo lina faida zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mti mmoja uani hauwezi kumaliza tatizo hilo, lakini hufanya tunda liwe kitu cha kila siku badala ya zawadi ya mwisho wa mwezi.

Njano si lazima iwe ugonjwa

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa wastani mvua hiyo haifiki milimita 600 kwa mwaka. Wenye vitalu huandaa miche kwa ajili ya wiki chache za mwanzo wa mvua. Isiponunuliwa, hubaki kwenye viriba vilevile. Mizizi hufika chini, hukosa pa kwenda na kuanza kujizungusha. Mbolea iliyokuwemo kwenye udongo huisha na majani hugeuka njano. Mara nyingi mche wa namna hiyo una njaa tu.

Watu wa Dodoma hawana ugeni na jambo hili. Kupitia mbinu ya Kisiki Hai, inayofundishwa na taasisi ya LEAD Foundation kwa kushirikiana na Justdiggit, wakulima wamekuwa wakichagua machipukizi bora ya visiki vilivyoonekana vimekufa shambani, wakiyapogolea na kuyalinda mpaka yawe miti. Mbinu hiyo hufanikiwa kwa sababu mizizi iliyo chini bado ni hai. Kwa mche wa bei ya kutupa pia, kwanza tafuta uhai.

Kagua hivi kabla ya kulipa

Kwanza, kwangua gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, tawi lina uhai. Likiwa kahawia na kavu, shuka chini na ukwangue tena.

Pili, kwa mwembe uliobebeshwa, tafuta kovu la kiungo, kwa kawaida karibu na chini ya shina. Chipukizi la kijani lazima litokee juu ya kovu hilo. Likitokea chini yake wakati sehemu ya juu imekauka, embe bora ulilolifuata limeshakufa, na kilichobaki ni mche wa kawaida uliotumika kama shina la chini.

Tatu, geuza majani. Utando mweupe kama pamba, vijidudu vilivyoganda au majani yaliyojikunja ni dalili za wadudu watakaohamia kwenye mimea mingine ya nyumbani. Kwa milimao na michungwa, majani yenye mabaka ya njano yasiyolingana upande wa kulia na wa kushoto yanaweza kuashiria ugonjwa usio na tiba. Mche huo uache.

Nne, mwombe muuzaji akuonyeshe mizizi. Myeupe au ya rangi ya udongo na migumu ni mizuri. Myeusi, laini na yenye harufu mbaya imeoza. Yenye vinundu kama shanga ina minyoo ya udongoni.

Mpapai mkubwa uliokaa sana kwenye kiriba usiuhangaikie. Haupendi kusumbuliwa mizizi, na mbegu za papai ulilokula zitakupa mche mpya bila gharama.

Usiupande Mei

Kosa linaloua miche mingi ni kuipanda ardhini mara tu inapofika nyumbani. Kati ya Juni na Septemba upepo wa Dodoma hukausha udongo haraka, na mche dhaifu hauhimili.

Uhamishie kwenye ndoo chakavu iliyotobolewa chini. Chana kiriba, kata mizizi iliyojizungusha chini, kisha jaza udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Kata matawi yaliyokauka hadi ufike penye kijani. Weka ndoo kivulini, mbali na upepo, mbuzi na kuku.

Hesabu ya maji isikutishe. Kwa makadirio ya nusu lita kwa siku, miche miwili hutumia lita moja. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba ni siku 214, yaani madumu 11 hivi ya lita 20. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa. Maji ya sabuni nyingi, ya dawa ya kung'arishia nguo au ya kisima chenye chumvi hayafai. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa bado na unyevu, subiri, kwa sababu maji mengi huozesha mizizi.

Oktoba au Novemba chimba shimo la sentimita 60 kwa upana na kina, changanya udongo wa juu na debe la samadi, kisha panda mvua ikishalowesha ardhi. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mche bila kugusa shina, maana mchwa hupenda kupitia hapo. Mwembe uliobebeshwa na mpera huanza kuzaa baada ya miaka miwili hadi minne.

Mwangalie mtoto pia

Kwenye kona hiyohiyo ya bei nafuu huwa kuna mimea ya mapambo. Olianda ina sumu inayoathiri moyo. Utomvu wa mnyaa huunguza macho. Difenbachia, yenye majani mapana na madoa meupe, huvimbisha mdomo na koo la mtoto anayeitafuna. Nyumba yenye mtoto anayetambaa haifai kuwa nayo.

Mtoto akitafuna jani, mtoe mabaki mdomoni, usimlazimishe kutapika, na umpeleke kituo cha afya pamoja na kipande cha mmea huo. Utomvu ukiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 kabla ya kwenda kituoni.

Muulize muuzaji kama miche imepuliziwa dawa ya wadudu, na kila mtu anawe kwa sabuni baada ya kuishika. Sahani zilizo chini ya ndoo zimwagwe kila zinapotuamisha maji, kwani mbu wa dengi hutaga hapo.

Nunua mche mmoja au miwili utakayoweza kuinywesha hadi Desemba, si kumi kwa sababu ni rahisi. Fedha iliyobaki inunue mapera au machungwa sokoni leo, kwa sababu mtoto hawezi kusubiri miaka mitatu mti uzae.