Pareto Hupimwa, Dawa ya Jongo Haipimwi

Mkulima wa pareto wa Molo au Kuresoi halipwi kwa uzito wa maua peke yake. Maua makavu yakifika kiwandani Nakuru hupimwa pairethrini, ile sumu ya wadudu iliyomo ndani, na malipo hufuata kiasi chake. Magunia mawili ya uzito mmoja huweza kupata bei tofauti, kwa kuwa mbegu, mwinuko wa shamba na ukaushaji hubadilisha kilichomo ndani ya ua. Katika mji huohuo, dawa ya mitishamba ya jongo huuzwa kwa chupa bila mtu kujua ina nini, wala kiasi gani.

Jongo huja asidi ya yuriki inapozidi kiwango ambacho damu huweza kukiyeyusha, takriban miligramu 6.8 kwa desilita. Ziada hugeuka fuwele zenye ncha kama sindano, zikatua viungoni, hasa kwenye kidole gumba cha mguu. Nyama choma, maini, omena na bia huchangia, lakini kwa wagonjwa wengi tatizo ni figo zisizoitoa asidi vya kutosha. Wanaowacheka kuwa ni walafi wanawaonea.

Mimea ina uwezo, sina shaka. Kolchisini, dawa kongwe ya kutuliza maumivu ya jongo, ni ya mmea. Imo pia katika Gloriosa superba, ua jekundu na manjano linalotambaa vichakani mwetu. Kiazi chake kimeua watu, maana dozi inayotibu na inayoua zimekaribiana mno. Allopurinol, dawa ya jongo iliyotoka maabara ya wanasayansi Gertrude Elion na George Hitchings na kuidhinishwa Marekani mwaka 1966, huzuia kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya yuriki. Flavonoidi, kemikali zilizomo katika mimea mingi, hukizuia pia, ila ndani ya mirija ya maabara. Zikinywewa, utumbo hufyonza kidogo na ini huzibadilisha.

Wamaasai, kwa mfano, huchemsha gome la mti wa olkiloriti katika supu ya nyama. Maarifa hayo nayaheshimu, ndiyo sababu nataka yapimwe: kilichomo ndani ya gome kwanza, kisha damu na figo za anayelinywa. Kazi hiyo ingeweza kufanywa hapo Njoro, katika Chuo Kikuu cha Egerton.

Bila kipimo cha damu, mgonjwa hudanganyika kwa urahisi. Shambulio la jongo hupoa lenyewe baada ya wiki moja au mbili, hata asipokunywa chochote. Chupa husifiwa, huku asidi ikiwa palepale na fuwele zikiendelea kula kiungo.