Wana, Kabla ya Kushusha Programu, Soma Bao

Oya wana wa Unguja, Malindi mpaka Michenzani, hii yenu. Ukitaka kutengeneza kurasa za wavuti kwa staili ya fankisheni, utatajiwa majina kibao: Elm, PureScript, ClojureScript, ReScript, React. Mimi nilishusha yote usiku mmoja gheto. Bando likakata na sijaandika hata mstari. Dogo unayeanza leo, sitaki yakukute.

Jioni pita baraza ya Jaws Corner, agiza kahawa, watazame wazee kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, hakuna dadu wala bahati. Kete zikiwa zimekaa vile vile, na mtu akianzia shimo lile lile kwa upande ule ule na kuamua vile vile njia nzima, zitaishia pale pale. Hiyo ndiyo fankisheni safi, yakhe: ukiipa kile kile inarudisha kile kile, na pembeni haigusi kitu. Ukishaiona hapo barazani, kuchagua zana si noma tena.

Anza na brauza yako, ndani yake imo lugha ya JavaScript. Brendan Eich aliitengeneza kwa siku 10 mwaka 1995, na tangu mwanzo fankisheni unaweza kuipitisha mkono kwa mkono kama namba. Kwenye laptopu bonyeza F12, andika orodha ya bei za samaki wa Darajani, kisha tumia fankisheni iitwayo filter ikutolee zilizo chini ya shilingi 10,000. Bando hujaligusa na tayari umeanza.

Halafu komaa na Elm miezi miwili. Evan Czaplicki aliitoa 2012, na mpangilio wake ni bao tupu: kuna hali ya mchezo, kuna kanuni inayopokea hatua na kutoa hali mpya, kuna picha ya skrini. Hakuna anayehamisha kete kimyakimya. Kompaila yake ni kali, lakini ukikosea inakuonesha mahali na kukupa njia. Na haibadiliki ovyo: toleo la 0.19.1 ni la 2019, kwa hiyo somo la jana halichachi.

Kazi za Elm ni chache, nawaambia ukweli. Mchongo uko React na TypeScript. Ila Dan Abramov alipounda Redux mwaka 2015, zana iliyoenea kinoma kwa watu wa React, aliazima wazo kutoka Elm. Ukifika huko utakuta bao unalolijua. Na tangu 2022 serikali ya Zanzibar inayaita makampuni ya teknolojia kwa mpango wa Silicon Zanzibar. Nataka yakitua yakute masela wa hapa hapa wako fiti.

Zana zitabadilika, wanangu. Aliyejua kusoma bao anacheza popote, hata kwenye mashimo ya kuchimba mchangani.