Picha, Sauti au Maandishi? Medianuwai Inayomfaa Mgonjwa Katika Tovuti ya Afya

Upanga huamka mapema kwa ajili ya wagonjwa. Waendao Muhimbili hushuka kwenye daladala kabla jua halijawa kali, kadi za kliniki zikiwa mkononi na watoto wakiwa mgongoni. Mabenchi yanapojaa, simu hutolewa mikobani. Nyingine ni simu janja zilizonunuliwa Kariakoo, si mbali na hapo, vioo vikiwa vimepasuka pembeni. Nyingine ni simu ndogo za vitufe, ambazo wengi huziita vitochi. Kwa mtaalamu anayesanifu tovuti ya afya, benchi hilo ndipo mahali pa kuanzia kazi, kabla hajachagua rangi, picha wala video.

Mchukulie mama mmoja katika benchi hilo, mwenye mtoto wa miaka miwili anayeishi na selimundu. Kliniki humalizika mchana, lakini hofu huja usiku. Katika ugonjwa huu, hasa kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano, damu nyingi inaweza kunaswa ghafla ndani ya bandama, kiungo kilicho upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Bandama huvimba, mtoto hupauka na kulegea, na asipoongezewa damu kwa haraka anaweza kufariki katika muda wa saa chache. Mama huyo akifungua tovuti usiku, ana maswali mawili tu: je, bandama imevimba, na je, aondoke sasa hivi kwenda hospitali?

Ukurasa unaoanza na picha kubwa ya jengo la hospitali, ukafuatiwa na hotuba ya ufunguzi iliyorekodiwa kwa dakika kumi, haumjibu. Hali kadhalika ukurasa wenye aya ndefu zinazoeleza muundo wa himoglobini. Huo wa kwanza una teknolojia nyingi, huu wa pili hauna hata moja, na yote miwili imemwacha mama alipokuwa. Kipimo cha kuchagulia medianuwai ni kile ambacho mgonjwa anatakiwa kukifanya baada ya kuufunga ukurasa.

Nchini Jamaica, wataalamu waliokuwa wakifuatilia watoto wenye selimundu waliwafundisha wazazi kupapasa tumbo la mtoto ili kuitambua bandama iliyovimba. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1985, matukio yaliyogunduliwa yaliongezeka, kwa kuwa wazazi walijua sasa cha kutafuta, ilhali vifo vilishuka kutoka takriban 29 hadi 3 katika kila matukio 100. Wakati huo hapakuwa na tovuti. Palikuwa na somo moja, lililofundishwa kwa njia inayolingana nalo: mikono ilifunzwa kwa mikono.

Tovuti ya leo haiwezi kuchukua nafasi ya muuguzi anayemwongoza mzazi kliniki, lakini inaweza kumkumbusha mzazi alichofunzwa. Kwa jambo kama hilo, video fupi ndiyo chombo sahihi, kwa sababu kinachofundishwa ni mwendo: mtoto amelala chali, vidole vimelazwa, vinakwenda polepole kuelekea chini ya mbavu za kushoto. Maneno mia mbili hayawezi kueleza kwa uhakika kinachoonekana katika nusu dakika. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto mwenye nimonia. Mzazi akiona katika video kifua kinavyobonyea ndani mtoto anapovuta pumzi, ataitambua hali hiyo akiikuta nyumbani. Akisoma tu maneno "kifua kubonyea", huenda akapita karibu na hatari asiione.

Lakini si kila somo ni la mwendo. Kipimo cha upumuaji wa haraka ni tarakimu: mara 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na mara 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5. Tarakimu zinafaa kuandikwa, kwa maana kilichosemwa hupita na kilichoandikwa hubaki, kikasomwa tena mara tatu na mtu mwenye wasiwasi. Dozi za dawa, tarehe za kliniki na namba za simu za dharura vilevile ni mambo ya maandishi. Maandishi hayo yawe maandishi kweli, si bango lililopigwa picha na kubandikwa ukurasani. Bango la namna hiyo halitafutiki, halikuzwi bila kufifia, wala programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona haiwezi kulisoma. Zaidi ya hayo, dozi ikibadilika, bango la zamani huendelea kusambaa kutoka simu hadi simu.

Picha ina kazi yake pia, mradi ionyeshe mwili wa yule anayeitazama. Vipele vinavyoelezwa vitabuni kuwa vyekundu huonekana kwa namna nyingine kabisa katika ngozi nyeusi, na upungufu wa damu hautafutwi mashavuni bali katika viganja, ulimi na ndani ya kope. Tovuti inayoazima picha za wagonjwa wa Ulaya humfundisha mama wa Upanga kutafuta dalili ambayo hataiona. Panapohitajika kuonyesha mpangilio wa viungo, mchoro wa mistari ni bora kuliko picha ya kamera, kwa kuwa huondoa yasiyohusika. Ukihifadhiwa katika muundo wa SVG hukuzwa bila kupoteza ukali wake, na mara nyingi huwa mwepesi.

Sauti nayo ni rafiki wa asiyesoma vizuri, wa mzee ambaye macho yamechoka na wa mama mwenye mtoto mikononi. Watanzania wanaijua nguvu yake tangu zamani. Mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa vipindi vya redio vilivyosikilizwa katika vikundi, vikiambatana na vijitabu na mjadala. Redio ilibeba ujumbe, kijitabu kikauhifadhi, na kikundi kikaugeuza kuwa vyoo vilivyochimbwa. Kila chombo kilipewa kazi kinayoiweza, na hiyo ndiyo maana halisi ya medianuwai.

Baada ya kujua chombo kinachofaa, msanifu hana budi kuuliza bei yake kwa mtazamaji. Video ya dakika 2 iliyobanwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ina uzito wa megabaiti 15. Sauti ya muda huohuo, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ina kilobaiti 480 tu, yaani takriban sehemu moja ya thelathini. Maneno 500 ya Kiswahili hayazidi kilobaiti chache. Kwa mwenye kifurushi kidogo, tofauti hiyo ni pesa. Na kwa aliye kwenye mtandao dhaifu, ni tofauti kati ya kupata jibu na kutazama duara linalozunguka. Mei 2024, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari ilipodhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani, kurasa nyepesi ndizo zilizokuwa na nafasi nzuri zaidi ya kufunguka. Kwa hiyo dalili za hatari zitangulie kwa maandishi juu kabisa ya ukurasa, sauti ifuate, na video iwe ya mwisho kupakiwa, uzito wake ukiwa umetajwa kando ili mtazamaji aamue mwenyewe.

Video isianze kucheza yenyewe kamwe. Mbali na kumaliza kifurushi, inaweza kumfedhehesha mgonjwa. Mtu aliyefungua ukurasa kuhusu VVU au fistula akiwa ndani ya daladala, kisha simu ikaanza kuhubiri kwa sauti kubwa, hatarudi tena katika tovuti hiyo. Video iwe na maandishi chini yake, kwa ajili ya viziwi na kwa ajili ya mwenye kusoma kimya. Pia isiwe na mwanga unaomemeteka zaidi ya mara tatu kwa sekunde: mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofikiwa na wote unakataza hilo, kwa sababu mmemeteko huo unaweza kuchochea degedege kwa baadhi ya wenye kifafa.

Heshima ya mgonjwa inagusa pia kamera yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Picha ya mtoto aliyelazwa, hata ikipigwa kwa nia ya kufundisha, inahitaji ridhaa ya mzazi aliyeelezwa itatumika wapi. Pale ambapo mchoro unatosha, uso wa mtoto hauna sababu ya kuwamo.

Teknolojia nayo huzeeka. Kwa miaka mingi, masomo ya kielektroniki yenye vikaragosi yalitengenezwa kwa programu ya Flash, ambayo ilisitishwa tarehe 31 Desemba 2020. Kuanzia 12 Januari 2021 maudhui yake yalizuiwa. Masomo ambayo hayakuwa yamehamishwa yaligeuka kuwa visanduku vitupu. Ni busara basi kutumia miundo ya wazi ambayo vivinjari vyote huielewa bila programu ya ziada, na kutunza nakala asilia za picha na sauti mahali salama.

Na yule mwenye kitochi? Kwake tovuti haifiki, hata iwe nzuri namna gani. Huduma ya "Wazazi Nipendeni", iliyozinduliwa mwaka 2012, iliwatumia wajawazito na walezi ujumbe mfupi wa maandishi bila malipo, na haikuhitaji simu janja. Taasisi yenye tovuti nzuri bado inahitaji ujumbe mfupi, redio, na kipeperushi kinachokunjwa ndani ya kadi ya kliniki.

Jaribio la mwisho halihitaji mtambo wowote. Msanifu na muuguzi waende bencheni na simu ya bei nafuu, wamwombe mzazi aufungue ukurasa, kisha waulize: "Mama, ukiona hali hii usiku, utafanya nini?" Akijibu kwamba atapapasa upande wa kushoto kama alivyofunzwa, na kwamba akikuta uvimbe, au mtoto akipauka na kulegea, hatasubiri kukuche bali ataondoka kwenda hospitali, ukurasa umefanya kazi yake. Akijibu kwamba video ilikuwa nzuri sana, basi kazi ianze upya.